Mwaka wa Kwanza Bila Ndoo

Jumanne, 20 Februari 2024

Ratiba ya msimu wa mpira wa Kimarekani ya chuo chetu, Kellerton, imetoka leo saa nne asubuhi. Nilikuwa gereji, ndiyo kwanza nimeegesha basi la shule. Nikaisoma kwenye simu mara mbili nikidhani nimeruka mstari. Mwisho wa Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba. Jumamosi ya mwisho kabla ya Sikukuu ya Shukrani wameweka chuo ambacho sijui hata kiko jimbo gani. Port Amity hawamo.

Zaidi ya miaka mia Kellerton wamecheza na Port Amity kugombea ndoo ya kukamulia maziwa. Ndoo ya bati, imebonyea upande mmoja. Walisimama wakati wa vita tu. Sasa wamesimama kwa ajili ya fedha za televisheni.

Dalili zilikuwepo. Kiangazi kilichopita Port Amity walitangaza wanaiacha ligi yetu kwenda ile kubwa ya mashariki, kwa sababu mji wao una watazamaji wengi. Wengine saba wakatoka nyuma yao, kila mmoja na mlango wake. Tukabaki wawili, sisi na wale wa kusini, kama viti baada ya harusi. Lakini Ndoo tuliambiwa italindwa. Mkurugenzi wa michezo alisema hivyo kwa mdomo wake. Leo anasema ratiba za pande zote mbili hazikuruhusu.

Wendell kaniuliza mbona sili. Nikamweleza. Akasema, "Sasa Arden utamwona lini?"

Mume wangu hajui robo ya kwanza na robo ya nne za mchezo zinatofautiana nini. Lakini kidonda anakigusa palepale.

Alhamisi, 22 Februari

Nimempigia Arden. Sisi si watu wa simu. Kaka yangu alikwenda kusoma Port Amity mwaka sabini na tano na hakurudi — maili mia tatu, ng'ambo ya milima. Tunaonana siku moja kwa mwaka, siku ya Ndoo. Mwaka mmoja huku kwangu, mwaka mmoja kule kwake. Yeye na sweta lake la buluu, mimi na langu la kahawia. Vyombo vya mama tuligawana kwenye maegesho ya uwanja, tumevipanga nyuma ya pikapu. Kwamba mkewe Maureen amemwacha, aliniambia robo ya tatu, tukiwa nyuma kwa pointi kumi. Uvimbe wangu wa titi nilimwambia uwanjani pia. Hatutazamani, tunatazama mpira, na maneno yanatoka.

Leo hapakuwa na mpira wa kutazama.

Nikasema, mmetuacha.

"Nani, mimi? Mimi fundi bomba, Lorna. Hakuna aliyeniuliza."

"Lakini umefurahi."

Akasema ile ndiyo ligi ya wakubwa, na kwamba hata sisi tungeitwa tungetoka mbio na soksi moja. Nikamwambia si kweli, sisi tuna shukrani. Akacheka. Si maneno yaliyoniudhi, ni kile kicheko. Nikakata simu.

Jumamosi, 31 Agosti

Mchezo wa kwanza nyumbani. Joto. Wageni wetu walikuja na mashabiki labda ishirini, wengi wazazi wa wachezaji. Mume na mke mmoja wameendesha gari siku mbili. Hawakujua waegeshe wapi, tukawapa nafasi yetu na soseji. Watu wazuri. Ndiyo shida yenyewe.

Bernadine, jirani yangu wa kiti kwa miaka ishirini na sita, alikaa na mikono kifuani tangu mwanzo. Huyu ni mwanamke aliyewahi kuambiwa na askari wa uwanja apunguze ulimi, naye ni mpiga kinanda wa kanisa. Nikamwuliza vipi leo, mbona kimya.

"Nitamtukana nani? Hawa siwajui. Siwezi kumtukana mtu nisiyemjua, ni kukosa adabu."

Tumeshinda arobaini na tano kwa tatu. Watu walianza kutoka robo ya tatu. Nimefika nyumbani nikapiga pasi.

Jumapili, 15 Septemba

Jana Port Amity walicheza mashariki. Adhuhuri kule, saa tatu asubuhi kwao. Arden kanitumia picha: sahani ya mayai, kopo la bia, televisheni. Chini ameandika, "Bia haipiti kooni saa hizi." Ni meseji yake ya kwanza tangu Februari.

Wamefungwa kwa tofauti ya pointi thelathini na nane.

Niliandika jibu nikalifuta. Nikaandika lingine, refu. Nikalifuta nalo.

Jumatano, 2 Oktoba

Baada ya mazoezi ya kwaya Bernadine akaniita pembeni. Ana wazo. Dunmore, kile kimji kilicho chini ya mlima, katikati kabisa ya sisi na wao, wana uwanja wa sekondari. Jumamosi ile ya Novemba hautumiki. Tucheze Ndoo wenyewe.

"Nani acheze? Wewe una nyonga ya chuma."

"Mimi nitatukana. Wacheze wenye miguu."

Hakuna kuangushana, anasema. Kila mtu utepe kiunoni, ukivutwa umekamatwa. Waliosoma Kellerton dhidi ya waliosoma Port Amity. Nikamcheka. Lakini kwenye basi alasiri nilipita kituo cha akina Sorensen bila kusimama, ikabidi nigeuze. Kichwa kilikuwa Dunmore.

Ijumaa, 11 Oktoba

Tulikwenda Dunmore. Mwalimu mkuu, Bi. Tolliver, alitupokea akiwa anakula karoti. Akasikiliza mpaka mwisho. Amekubali. Masharti: hakuna pombe, vyoo tutafagia wenyewe, na giza likianza tunaondoka kwa sababu taa za uwanja hazifanyi kazi. Akauliza atakuja nani.

Upande wetu tuna majina thelathini na moja. Yupo daktari wa meno. Wapo wakulima wa ngano sita na mmoja aliyekuwa nahodha mwaka themanini na nane, tumbo limemtangulia.

"Na upande wa pili?" Bi. Tolliver akauliza.

Bernadine akanitazama. Miaka yote hii, watu elfu thelathini wa buluu, na hakuna hata mmoja tunayejua namba yake ya simu. Ila mimi. Mimi ninayo moja.

Jumapili, 13 Oktoba

Nilingoja mpaka Wendell ameenda kwa dada yake. Arden akapokea mlio wa kwanza.

Nikamweleza. Uwanja, tepe, Dunmore. Akasema, "Yaani niwapigie watu wazima niwaambie waende kuvutana tepe kwenye theluji?"

"Ndiyo."

"Watanicheka."

"Mbona umezoea. Nimeona matokeo yenu."

Hapo nilidhani atanikatia. Badala yake akavuta pumzi. Akasema tangu Februari kuna kitu anataka nikiseme, na nisipokisema yeye hana la kuongea. "Mngeitwa ninyi, mngeenda. Sema tu, Lorna. Mngetuacha sisi tumesimama palepale."

Nilikuwa nimesimama jikoni, nimeshika mlango wa jokofu. Nilifikiria mkurugenzi wetu, nikafikiria wenye mashamba makubwa wanaokaa vile vyumba vya vioo juu ya uwanja. Nikajifikiria mimi mwenyewe asubuhi ambayo barua ingekuja kwetu. Ningepeperusha bendera kwenye basi la shule.

"Tungeenda," nikasema. "Siku hiyohiyo."

Nikasikia redio yake inaongea kwa mbali.

"Haya," akasema. "Basi."

Hakusema atasaidia. Hakusema hatasaidia.

Jumanne, 12 Novemba

Mwezi mzima hakuna neno. Bernadine alishaanza kusema tugawane sisi kwa sisi, nusu wavae buluu. Nikamwambia afadhali tulale.

Leo saa saba mchana meseji ya Arden imeingia, ndefu kama mkono. Majina ishirini na sita, na namba za simu, na kwa kila mmoja maelezo yake mafupi. "Huyu ana goti baya lakini hatasema." "Huyu mwizi, mhesabieni tepe zake." Mwanamke mmoja alicheza mpira wa wavu wa chuo, anaruka kama ana springi. Wamekodi basi.

Mwisho wa orodha: "Mimi sitakuwepo. Siku hiyo timu inacheza mashariki na nilinunua tiketi ya ndege mwezi wa tatu. Nilitaka kuona uwanja wao mara moja kabla sijafa. Usinune."

Nimenuna. Nimesoma orodha tena. Ishirini na sita. Ina maana amepiga simu ishirini na sita, mtu ambaye hata daktari wake hampigii.

Nimemjibu neno moja, "Asante." Akajibu, "Tutawachapa."

Ijumaa, 22 Novemba

Utabiri: theluji kuanzia adhuhuri. Njia ya mlimani bado iko wazi. Nimepakia nyuma ya pikapu minyororo ya kuvalisha magurudumu kwenye theluji. Wendell anasema atakuja. Nimemwuliza kufanya nini. Anasema kushika kahawa.

Arden kesharuka. Kanitumia picha ya bawa la ndege.

Jumamosi, 23 Novemba

Naandika ndani ya pikapu, Dunmore, hita imewashwa. Mchezo umesimama baada ya robo ya tatu kwa sababu mistari haionekani. Watu wa pande zote wanafagia theluji. Mafagio ni ya Bi. Tolliver, anasimamia mwenyewe.

Nianze mwanzo.

Nilitarajia watu sitini. Bernadine alihesabu hadi mia tatu akaacha. Basi la Port Amity lilichelewa mlimani, tukasimama kando ya barabara kuwasubiri, na lilipokata kona sisi wote wa kahawia tukaanza kuzomea. Sijawahi kusikia zomeo tamu hivyo. Wao wakafungua madirisha, baridi ileile, wakatuzomea wakiwa wanapita. Bernadine machozi yalimtoka. Akafuta akaniambia ni upepo.

Ndoo halisi iko ndani ya kabati la vioo chuoni kwao, hawakuruhusiwa kuitoa. Wameleta ndoo ya plastiki iliyokuwa ya rangi ya ukuta, imeandikwa kwa kalamu ya wino. Inatosha.

Daktari wa meno alivuka mstari wa mwisho na mpira mara mbili, pointi sita kila mara. Nahodha wetu wa zamani alikimbia hatua kumi akalala chali, akasema yuko sawa, aachwe hapohapo. Yule mama wa mpira wa wavu anatuua. Kila mpira wa juu ni wake. Bernadine tayari amejua jina lake, jina la mumewe na kazi ya mumewe, na vyote amevitumia kumtukana. Mama yule alipofunga la tatu alikuja mpaka kwenye uzio akamwinamia Bernadine kama mwigizaji. Sasa hivi wanafagia mstari mmoja.

Kumi na nane kwa kumi na nane.

Simu ililia robo ya pili. Arden.

"Nani anaongoza?"

"Ninyi, kwa sita. Uko wapi?"

"Kitini. Safu ya sabini na moja. Hapa wapo elfu themanini." Nyuma yake kelele kama mto. Mchezo wao ulikuwa umeshaanza. Nikamwuliza vipi huko.

"Tunafungwa. Jirani yangu ameniuliza kama Port Amity iko Kanada." Akakohoa. "Mpole sana. Kaniletea karanga. Hajanitukana hata kidogo."

Nikamwambia pole, na nilimaanisha.

"Niambie kinachoendelea," akasema.

Basi nikamwambia. Nilisimama kando ya uwanja na simu sikioni nikitangaza kama redio. Nani kashika, nani kateleza, nani kavuta utepe wa nani. Nilimwambia mwizi wake kakamatwa na tepe mbili mfukoni. Alicheka kile kicheko cha Februari na safari hii sikuudhika. Mara mbili nilisema nikuache utazame mchezo wako. Mara mbili akasema nisikate.

Sikukata. Vidole viliganda, nikaingia humu kutafuta glavu, simu nimeiweka juu ya dashibodi. Glavu nimezipata zamani. Naandika. Yeye hasemi kitu. Nasikia watu wake tu, na mara mojamoja anatafuna karanga.

Wendell kapita dirishani na birika. Ameonyesha juu kwa kidole: mwanga unapungua. Bi. Tolliver naye anatazama saa yake, halafu mlima, halafu saa. Robo nzima imebaki. Labda dakika ishirini za kuona mpira, labda pungufu. Hakuna anayeelekea kwenye magari.

Sasa hivi kwenye simu imetoka sauti kubwa, uwanja mzima umenguruma, mpaka dashibodi imetetemeka.

"Nani kafunga?" nimemwuliza.

"Sijui," amesema Arden. "Sikuwa natazama. Wamemaliza kufagia?"