Siku Hamsini za Mama Tomiyo

Kitongoji cha Kamitaki,
Mkoa wa Shimane,
Japani.
24 Oktoba 2011

Mpendwa Dada Mizue,

Shikamoo, dada yangu. Natumaini barua hii itakukuta huko Londrina ukiwa mzima, na mguu ule uliokuzuia kupanda ndege sasa unakanyaga chini bila mkongojo. Shemeji Tadao hajambo? Sisi tunamshukuru mungu wa mlima wetu, tunapumua. Mpunga umeingia ghalani, nguruwe mwitu wametubakishia wa kututosha.

Uliniuliza kwenye simu kama mama Tomiyo aliagwa vizuri. Aliagwa vizuri sana. Nilimvika kimono kile cha rangi ya majivu ulichomletea. Usijilaumu kwa kutokuwepo. Wewe ulimzika kwa machozi huko uliko, na kuna aliyekuwepo hapa ambaye hakumzika hata kidogo.

Namsema kaka yangu Katsuhiro. Nakuandikia haraka kabla hajakutumia picha zake.

Paa la hekalu limeezekwa upya kwa magome ya miti, jambo ambalo halijafanyika tangu tukiwa watoto, ulipomwona mama akipanda na mizigo ya magome mgongoni. Tarehe 18 mungu, aliyehamishwa wakati wa ujenzi, alirudishwa ndani, na anayetembea mbele yake ni mwenyekiti wa waumini. Mwenyekiti wetu ni Katsuhiro. Tangu ateuliwe anatembea kifua mbele hata akienda chooni.

Siku hiyo ilikuwa ya ishirini na saba tangu mama atutoke. Mtoto aliyefiwa na mzazi hapiti chini ya lango la hekalu mpaka zitimie siku hamsini, hilo wewe hujalisahau. Lakini kwa shangazi ni siku kumi tu. Basi kaka yangu akaketi, akahesabu vidole, akagundua kwamba mama Tomiyo alikuwa shangazi.

Shangazi, dada. Kwako ni mama aliyekuzaa, kwetu ni dada yake baba aliyetuokota mama yetu alipofariki, mimi nikiwa na miaka miwili na Katsuhiro minne, tukalala watatu na wewe kwenye godoro moja. Katsuhiro alipougua kifua, ni yeye aliyemnywesha uji majira mazima ya baridi. Kuzaa si kazi, kazi kulea, ila mwenyekiti hajasikia habari hiyo.

Akaenda kwa kuhani kutafuta ruhusa. Kuhani ni kijana mpole, hapendi ugomvi. Alimjibu tu, "Ninyi wenyewe ndio mnaojua alikuwa nani kwenu." Mwenye haya angeinamisha kichwa. Huyu alirudi nyumbani akaibandua ile karatasi nyeupe ya msiba iliyofunika madhabahu yao, akaitupa pamoja na maganda ya vitunguu.

Nikamfuata.

"Kaka, mwachie Morita atembee. Si ndiye makamu wako?"

"Morita? Hata kofia hajui kuivaa."

"Mungu haangalii kofia."

"Nobue, utaratibu ni utaratibu. Shangazi, siku kumi. Ungesoma kidogo ungeelewa."

Na shule aliachia darasa lile lile nililoachia mimi.

Siku yenyewe akatoka na joho na kofia ndefu iliyomkaa kama sufuria juu ya mti wa uzio. Nami nilikwenda, ila nilisimama barabarani, nje ya lango. Wanawake wenzangu wa jikoni walinipungia niingie. Katsuhiro akaja mbio na viatu vyake vya mbao, akaninong'oneza:

"Ingia basi, watu wanatazama."

"Nimefiwa."

"Umefiwa na shangazi."

"Wewe ndiye uliyefiwa na shangazi. Mimi nimefiwa na mama."

Jirani yetu Bibi Kinue alikuwa kando yangu, na yeye kunong'ona hajui. "We Katsu, kwani si Tomiyo huyo huyo uliyekuwa ukimlilia 'mama, mama' njia nzima ukipelekwa shule? Au masikio yangu yalinidanganya miaka yote ile?"

Wapiga ngoma wakatazama pembeni wakicheka. Katsuhiro akaiva uso. Nilidhani hapo atageuka, dada. Nilimwombea ageuke, maana ni damu yangu. Akaiweka sawa kofia, akarudi ndani, akatembea mbele ya mungu na uso mkavu kama ubao.

Simtakii laana. Mungu wetu si mgomvi. Ninachomdharau ni udogo wa kitu alichobadilisha na mama: hatua sitini, kutoka langoni hadi kwenye ngazi. Picha zikifika, funikia mtungi wako wa mboga za chumvi.

Nisalimie shemeji, na binti yako Rosa na watoto wake. Mume wangu Yasuo anakusalimu, na Bibi Kinue anasema ukija ulale kwake.

Kila asubuhi nainama nikiwa barabarani, nje ya lango, kisha naenda shambani. Zimebaki siku kumi na saba. Wewe huko huna lango la kukuzuia, basi hesabu nami tu. Tarehe kumi Novemba nitapita, nipande hadi mbele ya mungu, nipige makofi ya sala mara mbili kwa ajili yangu na mara mbili kwa ajili yako. Katsuhiro simpigii. Yeye hakufiwa na mama.

Mungu wa mlima akufikie hata ng'ambo ya bahari, akutie nguvu mguuni na moyoni.

Mdogo wako akupendaye bila kuhesabu siku,

Nobue