Majaribio Yanapita Hata Waya Ukichomolewa

Mpendwa Dada Lornah, naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika, mimi ni mama wa mtoto wa miezi kumi, nafanyia kazi nyumbani hapa Otonglo, naandika programu kwa lugha ya Ruby, na kazi niliyopewa ni kwamba nesi wa zahanati moja kule Pap Onditi aulize kwa kompyuta yake kama chanjo ipo, swali liende mpaka kompyuta ya stoo mjini Kisumu, jibu lirudi. Sasa ile ya stoo ilikuwa bado haijawa tayari, nikatengeneza ya kuigiza ndani ya laptop yangu, ukiiuliza chochote inasema "ipo", nikajaribia hapo, kila jaribio likawaka kijani, yaani limepita, na bosi wangu Sydney akasema, "Mama Dorca, wewe ni moto! Ijumaa tunafungua." Nikamshukuru. Jana Dorca akatambaa akachomoa waya wa intaneti akaanza kuutafuna, na majaribio bado yakapita yote, ndio nikashtuka, kumbe sijawahi kuongea na stoo hata siku moja! Nikaunganisha stoo yenyewe, ambayo sasa iko tayari, nikakata mtandao makusudi, programu ikanyamaza tu, haisemi ipo, haisemi haipo. Nikimwambia Sydney ataniona mjinga, na kazi ya nyumbani haipatikani ovyo. Nirekebishe polepole wakishafungua?

Mama Dorca, Otonglo

Mama Dorca,

Pole na uchovu, nami nina wawili, najua. Lakini wacha nikuchape kidogo. Kuigiza si kosa, kila fundi huanza hivyo. Wewe ulijiuliza, ukajijibu, ukajipa maksi, halafu ukapokea sifa! Fikiria mama wa huko Pap Onditi amebeba mtoto mgongoni, jua la saa sita, anafika anaambiwa, "Ngoja, kompyuta inafikiri." Kijani yako itamsaidia nini?

Majaribio ya kuigiza yabaki, ni ya haraka. Ongeza moja linaloita stoo yenyewe, na lingine ambapo stoo imezimwa kabisa. Weka kikomo: sekunde tano bila jibu, nesi asome, "Sijapata jibu, piga simu stoo." Programu isibahatishe.

Lakini kwanza Sydney. Leo. Usianze na machozi wala habari za mtoto. Sema, "Bosi, nilijaribia stoo ya uongo. Tusifungue Ijumaa, nipe mpaka Jumatano ya wiki ijayo." Atafoka, ndiyo. Afadhali yeye akufokee wewe kuliko nesi amrudishe mama nyumbani na mtoto asiyechanjwa. Chukua simu, mwanangu.