Kwa Herman, Aliyeacha Kuandika Mbio Zake

Nambis, Mbulu
14 Juni 2004

Mpendwa mdogo wangu Herman,

Marahaba, maana najua shikamoo yako inatangulia hata usipoandika. U hali gani huko Italia? Na goti je? Sisi tupo, baridi imeanza. Mwanangu Eva anaota meno, halali, nami silali. Maharage yameharibiwa na mvua, mahindi afadhali.

Mwalimu wenu Sebastiani alipiga simu parokiani Jumanne. Anasema tangu upate habari ya mama, ukifika katikati ya mbio unaulegeza mwili tu, unaachwa nyuma. Na lile daftari la mazoezi umelitupa. Usipobadilika mwezi huu, watakurudisha nyumbani.

Daftari hilo nalijua kwa barua zako. Mwalimu alipokupa ulicheka, mwanaume mzima kuandika kila jioni alichoogopa njiani. Halafu ukaona ukishaiandika hofu ya kilima cha mwisho, kesho yake unakikuta kimepungua. Ulisema limekusaidia kuliko viatu.

Mwalimu aliliokota, ndipo akajua sababu. Siku moja kabla ya mashindano uliandika: "Kesho mama atanisikia redioni." Na sisi mama tulikuwa tumeshamzika.

Ni baba mdogo Hhando aliyeamua usiambiwe. Nilimwambia una haki ya kujua. Akasema, "Mwacheni akimbie kwanza. Machozi hayaozi." Wazee wakaitikia, kwamba aliye safarini hapelekewi msiba. Sikukubali, na leo sikubali. Yameoza, Herman, ndiyo hayo yanayokuziba pumzi.

Kaburini kila mtoto alitupa udongo. Mimi nilitupa mara mbili, wangu na wako.

Asubuhi ya siku aliyofariki, mama alikunywa uji kidogo, akamtania shemeji yako Evarist: "Mkwe, Herman nikimtuma chumvi alikuwa anarudi kabla maji hayajachemka. Wewe nikikutuma, nitakula mboga chapwa hadi Krismasi." Akacheka mpaka akakohoa. Hakukutaja kwa uchungu, alikutaja akicheka. Nilitaka ulijue hilo.

Sasa nisikilize, mimi ni dada yako. Ukurasa ule si uongo wako. Wewe ulifichwa. Mwombe mwalimu daftari, andika chini yake hasira yote. Mseme hata baba mdogo, sitamwambia. Andika mpaka ujue kilichochoka ni miguu au ni moyo. Ukishajua, ukitaka kurudi, rudi, chumbani mwako hajalala mtu. Lakini usirudi kwa sababu umeogopa kujiuliza.

Kila Jumapili baada ya misa nitakaa karibu na simu ya parokia, na mtoto mgongoni. Usinieleze umekimbia vipi. Nisomee ulichoandika, hata likiwa neno moja.

Shangazi Agatha anakusalimu, na mpwa wako Kelvin anauliza kama huko kuna ng'ombe. Mungu akutangulie uamkapo, akufunike ulalapo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinyamaza,
Perpetua