Sindano Moja, Damu Mbili

Mjukuu wangu Aline,

Amani iwe nawe huko ugenini. Sisi hapa Mururu tupo. Mvua imeharibu maharagwe, na mama yako bado anavuka mpaka kwenda Bukavu kila asubuhi na karoti zake.

Umeniuliza kwa nini daktari wako anataka kupima vinasaba, wakati ugonjwa wako wa sukari umeshajulikana. Nitakueleza habari za wadogo zangu, Espérance na Fidèle. Wote wawili waliugua sukari wangali watoto, na muuguzi aliwachoma insulini ileile, kwa kipimo kilekile. Espérance akapata nguvu. Fidèle akazidi kukonda, na sukari yake haikushuka.

Muuguzi akasema mtoto huyu anakula vitamu kwa siri. Maman, mama yetu, akaamini, akaanza kufunga jiko kwa kufuli.

"Maman, sikukula kitu," Fidèle alikuwa akisema. Mwishowe akaacha kusema. Tulimzika kabla ya mavuno.

Miaka mingi baadaye, baba yako naye alipougua sukari, daktari alitueleza kwamba watoto wa tumbo moja hurithi vinasaba tofauti, na dawa inayomtosha mmoja huenda isimtoshe mwingine. Maman, ambaye sasa alikuwa kikongwe, alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi ule mutoto hakuiba vitamu?" akauliza.



Kwa hiyo waache wapime damu yako, mjukuu wangu. Na siku sukari ikipanda, ukisema hukula kitu, mimi nitakuamini.

Koko wako,
Déogratias