Dhahabu ya Gunia la Djamali

Kasongo, Jumatatu, baada ya soko

Kwa kaka yangu mkubwa Iliasi, pale Kindu,

Pokea salamu zangu wewe, apokee na wifi Latifa, na watoto wote wa nyumba yenu, wakubwa wanaosoma na wadogo wanaokimbizana uani. Natumaini barua hii inakukuta mzima na ule mguu umepoa. Wifi alituma habari kwamba sasa unafika msikitini bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Sisi huku tuko. Mvua imenyesha vizuri, mpunga umesimama, na ile mbuzi yangu ya madoa imezaa mapacha, wote majike. Mwili wangu mimi ni mzima. Nasema mwili.

Utajiuliza kwa nini mama wa fundi wa simu anaandika kwa kalamu kama enzi za baba yetu. Simu ninayo, kaka, tena nzuri. Djamali mwenyewe aliniundia, kioo cha simu hii, tumbo la ile, mgongo wa nyingine. Ila kile kisauti cha kusikilizia sikioni kilikufa zamani, na kila alipopata kingine, mteja aliingia akakihitaji. Nikawa namwambia mpe mteja, mama atangoja. Basi simu yangu inatoa sauti ya nje tu. Ukinisalimu wewe, mtaa mzima unaitikia. Neno la leo si la mtaa. Ndiyo maana nimempa Gédéon, mtoto wa jirani yangu Julienne, yule wa piki-piki, akuwekee mkononi mwako wewe mwenyewe.

Ulisema Djamali asiache shule. Nakumbuka, na sikukasirika, au nilikasirika kidogo tu. Lakini ungemwona kazini. Mafundi wa simu wako wengi katika soko la Kasongo, sikatai. Ila simu ikitumbukia kisimani, wote wakisema imekufa, ndipo utasikia mtu anaambiwa peleka kwa Djamali. Watu wanatoka Wamaza. Wanatoka Kabambare, wengine kwa miguu, simu imefungwa ndani ya kitambaa kama mtoto mgonjwa. Akifungua zile skrubu anabana pumzi, kama daktari anayepasua jicho. Vijana wako wana diploma zao, Mungu awazidishie, lakini Abedi wako simu ilipomzimikia hapa siku ya harusi, nani aliifufua? Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka jana akapata kazi ndani ya kazi. Zile simu zilizokufa kabisa, ambazo hata yeye anazishindwa, kuna mnunuzi wa Kalemie alimtumia habari kwamba anazitaka. Anazivusha ziwa, zinakwenda nchi zenye mashine za kuziyeyusha. Na mnunuzi huyo ana masharti kuliko wazazi wa bibi harusi. Hataki betri, maana zikivimba zinawaka njiani. Hataki mfuniko wa nyuma. Kioo kikiwa kizima Djamali hubaki nacho, kitaponya simu nyingine. Lakini ile kadi ya kijani ya ndani lazima ibaki imelala kitandani mwake, na skrubu zake, isiguswe. Ukiichokonoa kidogo tu anasema umekula nyama, umemletea mifupa. Kwa hiyo simu za mwanangu zinatoka hapa kama kuku aliyenyonyolewa lakini hajapasuliwa. Shika jambo hilo, kaka, maana ndilo lililotufunga.

Alizunguka nchi yote hii kuzikusanya. Alifika Lusangi kwa wachimbaji, akifika kijijini anatoa sabuni na chumvi, watu wanamletea simu walizokuwa wanazuia nazo mlango. Nyumba ikajaa. Alinifundisha kutoa betri na kuzilaza ndani ya chungu cha mchanga mkavu, mbali na jiko. Mimi Faida, niliyetoka shule mwaka wa nne, leo natambua simu kwa mgongo wake kama unavyotambua mtoto wa fulani kwa mwendo.

Sasa sikiliza. Siku moja niko sokoni kwenye meza yangu ya mawese, na Julienne pembeni yangu na samaki wake wakavu. Djamali akanipigia kutoka Kabambare. Akanieleza kwamba mnunuzi amemwambia sababu ya kununua takataka zile: ndani ya kadi za simu kuna dhahabu. Mtoto alieleza vizuri, hakuficha kitu. Alisema ni kidogo sana, nyembamba kama jasho la paji la uso, huioni wala huishiki, mpaka ukusanye mlima wa simu na uwe na mashine ya ng'ambo, ndipo labda upate ya pete. Lakini hayo ya jasho na mlima yalikuja nyuma. Lililotangulia ni dhahabu, na wateja wa samaki walikuwa wameshageuka. Unawajua watu wetu. Hapa ukitaja dhahabu umeita ukoo.

Kabla jua halijazama, mzee Bulaimu alikuwa kwangu. Huyu ni mchimbaji wa zamani wa Lusangi, amezeeka, mikono inatetemeka, lakini beseni lake la kuoshea mchanga hajaliuza. Aliniambia kwa heshima, mwanangu Faida, vijana hawajui kuosha, niachie mimi. Akaomba kinu changu. Nilimkatalia, akaenda kuazima kinu cha Julienne, yeye na vijana wa mtaa wakatwanga simu zao mbovu humo mpaka mchi ukachanika, wakapeleka unga wake mtoni. Walirudi bila chembe ya dhahabu, na macho mekundu na kikohozi. Sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa kinuni humo kesho yake hakuna aliyeweza kuila. Ungedhani wangeacha. Mzee alisema hiyo ndiyo dalili, dhahabu ya kweli haimtokei mgeni siku ya kwanza.

Nikaanza kukana. Kaka, nilikana mpaka sauti ikaniisha. Lakini kumbe kukana nako kuna desturi yake. Bulaimu aliwaeleza watu kwamba kule machimboni anayegonga mshipa wa dhahabu hukana kwanza, halafu huchinja mbuzi akalisha watu kabla hajaosha mara ya pili, la sivyo mshipa unamkimbia. Basi wakawa wanangoja mbuzi yangu. Mtu anapita kunisalimia, macho yako kwa mbuzi. Ilipozaa mapacha wakatazamana. Julienne akaniambia bila aibu kwamba maskini hana cha kukana, ukiona mtu anakana ujue anacho. Hata mwalimu wa madrasa ya mtaani kwetu alikuja, akatuombea dua ndefu nzuri, halafu akaniuliza polepole kama haikupatikana hata chembe kwa ajili ya bati la madrasa.

Katika hali hiyo Djamali akarudi nyumbani, akafunga gunia lake akaondoka na Gédéon kwenda Kalemie. Nilimwambia angoje maneno yapoe. Akaniambia mnunuzi hangoji, na maneno hayapoi kwa kungojwa.

Walipita Wamaza salama. Mbele yake, msituni, kuna barieri, kamba imefungwa kutoka mti hadi mti, na wanaume wenye bunduki. Sitaji ni wa nani. Gédéon anasema hawakuuliza karatasi. Mkubwa wao alimwita mwanangu kwa jina, akamuuliza kama yeye ndiye mutoto ya yule mama wa dhahabu wa Kasongo. Wakamwaga gunia. Wakaona simu hazina migongo, nyingine hazina vioo, zote hazina betri. Hapo ndipo lile la kuku aliyenyonyolewa lilipotuua. Wakauliza, nani amezifungua, na kilichotolewa ndani kiko wapi? Djamali akawaeleza masharti ya mnunuzi. Wakacheka. Wakamrudisha Gédéon peke yake aje kuniambia nilete kilichotolewa.

Nikapeleka, kaka. Ningefanya nini? Nilibeba chungu cha betri na mchanga wake, na mifuniko yote ndani ya kikapu, nikapanda nyuma ya Gédéon. Njia nzima alikuwa analalamika kwamba nitamuunguza mgongo. Nikamwambia nyamaza, mwendeshe mama yako. Nilipofika nikamwaga vyote chini mbele ya shefu wao. Nilidhani akiona kwa macho atajua hakuna siri. Alivigeuza kwa ncha ya kiatu, akasema mama, tunakuuliza yai unatuletea maganda. Halafu akaniuliza swali, tena kwa upole: mutu mwenye akili anaweza kulipia petroli mpaka Kalemie kwa sababu ya takataka? Hata mimi ningeuliza hivyo hivyo.

Mtoto nilimwona. Alikuwa amekaa juu ya ubao chini ya hema la plastiki, mikono haijafungwa, na mbele yake simu zimepangwa. Simu za wale wenye bunduki. Anazitengeneza. Amekonda, shati si lake. Aliniuliza kama nimekula. Aliniuliza kama mchanga wa chungu ulikuwa mkavu. Akanieleza kwamba aliwaambia wabaki na gunia, wamwache yeye, na wakakataa kwa ajili ya dhahabu. Lakini sasa, alisema, hata habari ya dhahabu wanaanza kuisahau. Alimfufulia shefu simu yake iliyokuwa imekufa tangu masika, na habari zikaenda. Vijiji vya msitu wote ule vinaleta simu zao pale barieri. Malipo wanachukua wao. Kila anapotengeneza moja, anaongeza siku zake pale, na akikataa kutengeneza, hataki kunieleza nini kinatokea.

Na shefu akaja kusimama karibu yetu, akatabasamu, akaniambia: mama, mutoto yako iko na mikono. Sisi hatumufungi, anakaa tu.

Kaka Iliasi, nitakuandikia kitu ambacho sijamwambia mtu. Aliposema hivyo, kifua changu kilijaa. Pale pale, mbele ya bunduki, nilifurahi. Nikajibu aksanti, shefu. Djamali alinisikia. Hakunitazama, aliinamia skrubu yake akaendelea.

Na kuna kingine kikubwa zaidi, ndicho kilichonishikisha kalamu. Watu wote hapa wanasema balaa lilitoka kwa simu yangu mbovu, kwamba mama wa watu alikuwa anaongea na mwanawe na sauti ikatoka yenyewe nje. Hata Djamali ndivyo anavyodhani, na ananihurumia. Sivyo ilivyokuwa. Asubuhi ile Julienne alikuwa amekaa akimsifu Gédéon, Gédéon kanunua piki-piki, Gédéon kaezeka nyumba. Simu ilipolia niliikuta sauti yake iko chini, Djamali mwenyewe alikuwa ameipunguza na kuniambia mama, sokoni iache hivi hivi uiweke karibu na sikio. Aliposema neno dhahabu nililisikia vizuri mara ya kwanza. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikaiinua simu juu ya samaki wa Julienne, nikamwambia rudia, mwanangu, mama yako hakusikia. Akarudia, kwa sababu ni mtoto mwenye adabu. Yale ya jasho la paji la uso alikuwa anaanza kuyaeleza, lakini mimi nilikuwa natazama uso wa Julienne.

Mwanangu sikuweza kumwambia. Nilimwangalia chini ya plastiki ile, nikamwachia mihogo ya kuchemsha na shati lake, nikarudi.

Wakubwa wa hapa nimeshawazungukia wote. Mmoja alisema ataulizia. Mwingine alifunga mlango, akasema nimletee kwanza mfano wa hiyo dhahabu ili ajue anatetea nini. Wewe umefundisha miaka yote hiyo Kindu, wanafunzi wako wengine leo wana viti. Ninajua nilivyokuwa nakusema, kwamba shule zako hazifufui simu. Basi shule zifufue mtu. Mtafute mmoja ambaye wale wa msituni wanaweza kuogopa sauti yake. Kama hayupo, niandikie pia kwamba hayupo, nisikae nasikiliza kila piki-piki inayopita.

Mbuzi nimeiacha hai. Ningeichinja wangesema mshipa umethibitika, na nisipoichinja wanasema ninazidi kuficha.

Nisalimie wifi Latifa kwa moyo wangu wote, umwambie katika wale mapacha wa mbuzi mmoja ni wake. Wasalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake. Kama wifi atauliza habari za Djamali, mwambie yuko njia ya Kabambare na kazi ni nyingi. Hilo si uongo. Wala usimwambie kwamba hata kule amewashinda mafundi wote, ingawa amewashinda.

Na barua hii, kaka, nakuomba, isome kwa macho tu. Usiisome kwa sauti.

Mimi mdogo wako,
Faida, mama yake Djamali