Usiniulize Tena Gari Litaitwaje

Mdogo wangu Shabani,

Shikamoo yako imenifikia, na marahaba nimeiitika kwa sauti peke yangu hapa jikoni. Mimi mzima, ila mafua ya baridi ya huku Uingereza hayaniachi. Wewe, wifi yangu na watoto natumaini hamjambo. Mama je? Namuulizia hapa mwanzoni kabisa usije ukasema hukuliona swali, maana kila barua nauliza na kila barua unaliruka.

Najua tangu kuagiza bidhaa nje kuwe ruksa Morogoro imejaa magari ya kutoka Dubai na Japani, na gereji yako haikosi kazi. Nafurahi. Lakini barua yako nzima ni gari moja tu, hilo jipya la kiwanda ninachofanyia usafi. Eti si gari dogo la saluni wala si jipu la porini, liko katikati. Eti kijiwe kimegawanyika: wewe unasema litapewa herufi na namba kama yale ya zamani, rafiki yako Hamisi anasema safari hii litapewa jina kamili. "Dada, wewe uko huko huko ndani, tuulizie." Shabani, mimi napiga deki. Gari lenyewe limefunikwa turubai kwenye chumba ambacho hata mlango wake siruhusiwi kuugusa.

Basi ngoja nikueleze nilichopata kwa kukuulizia. Kuna kijana mmoja mchoraji wa magari, Piter, hupenda kunisalimia. Siku moja nikamwambia mdogo wangu huko nyumbani anataka kujua gari litaitwaje. Akacheka. "Hata sisi wenyewe tunagombana," akasema. "Wengine wanataka herufi, wengine jina." Hayo tu, akaondoka na chai yake.

Haukupita muda gazeti moja la magari likaandika kwamba jina limejulikana. Kiwandani wakubwa wakawaka, wakitaka kujua nani katoa siri. Msimamizi wangu akaniita ofisini.

"Ulimuuliza Piter jina la gari?"

"Nilimuuliza."

"Nani alikutuma?"

"Mdogo wangu, ni fundi. Anapenda magari."

"Anaandikia gazeti gani?"

"Haandikii gazeti. Yuko Morogoro."

"Hilo Morogoro linatoka kila wiki au kila mwezi?"

Ningekuwa nyumbani ningecheka mpaka nikae chini. Siku ile nilirudia tu kwamba Morogoro ni mji. Walinitoa ofisini kwa wachoraji, penye zulia na joto, wakanipeleka ghala la matairi. Huko milango iko wazi kutwa nzima, upepo unaingia mpaka kwenye mifupa, na vidole vyangu vimepasuka. Baadaye ikajulikana gazeti lilikuwa linabahatisha, na hata jina lile silo. Unadhani kuna aliyeniomba radhi? Nilipouliza kama nitarudishwa nilikotoka, msimamizi alisema nafasi yangu imeshapata mtu.

Hilo ningelimeza. Lakini juzi, siku moja na barua yako, nimepata ya Mwalimu Anna, yule anayefundisha shule ya jirani na kwa mama. Ameniambia mama alianguka alipokwenda kuchota maji. Jiwe lilikuwa mbele yake na hakuliona. Macho yote mawili sasa yana ukungu. Anna alipomuuliza kwa nini hujampeleka hospitali, mama akajibu, "Mwanangu ana kazi nyingi, magari yamekuwa mengi mjini."

Nilisoma maneno hayo nikaiweka barua chini. Hata kwenye kuanguka kwake anakutetea! Na wewe uko Morogoro hapo hapo, kutoka kwako mpaka Mkuyuni, chini ya mlima wa kwa mama, ni safari ya asubuhi tu, unakaa kijiweni kubishania jina la gari ambalo hakuna kati yenu atakayelipanda.

Jina lenyewe limeshatangazwa. Ninalijua. Sikuandikii.

Sikiliza sasa. Anna ameshaulizia kwa daktari wa macho mjini. Amesema mama apelekwe, inaelekea ni mtoto wa jicho, akipasuliwa ataona. Ukipata barua hii funga gereji, upande mlimani. Usimtume mtu. Kutoka kwa mama mpaka barabarani Mkuyuni njia unaijua, hakuna gari linalopita, na siku hizi mvua zimeichimba. Mshike mkono, utangulie wewe kwenye mawe, na akitaka kupumzika pumzikeni. Akisema usijisumbue, usimsikilize.

Nisalimie wifi yangu, na mjomba Salum aliyetulea baada ya baba kufariki. Mwalimu Anna mwambie namshukuru, amefanya yaliyokuwa yetu. Hamisi naye msalimie, sina ugomvi naye.

Nimekasirika, Shabani, lakini sina ndugu mwingine wa kumkasirikia. Ukiniandikia tena, niandikie habari za siku mama alipofunguliwa bandeji, na kitu cha kwanza alichokiona.

Ni mimi dada yako,
Mwanahawa