Mama Yangu Alimkuta Mume Wangu Koridoni na Taulo ya Mtoto

Shangazi Dinah mpendwa, nisaidie upesi kabla shule hazijafungwa Agosti, kwa sababu hapa kwangu Tuwan, Kitale, likizo imegeuka kesi na mshtakiwa ni mimi.

Mimi naitwa Nasambu, ni mzaliwa wa Bungoma, kazi yangu ni kushona yunifomu za shule, na mume wangu Wanyoike anauza spea za trakta, ni mtu mzuri, hanywi, hagombani na mtu, shida yake ni moja tu, anapenda hoteli. Kila likizo tunaenda Bungoma ili watoto wetu, Ivy na Tonny, waone kukhu yao, yaani mama yangu, lakini wajua mila za kwetu, mkwe halali nyumbani kwa mama mkwe, hata mkono hampi, wakikutana njiani mmoja anaingia kwa mahindi mwingine apite, kwa hivyo inabidi tulale mjini, na hapo ndipo vita huanza. Wanyoike anataka mahali penye nyasi iliyokatwa na chai ya kuletwa na mtu wa shati jeupe, mimi nasema kulala ni kufunga macho, na ukishafunga macho kitanda cha tajiri na cha maskini vyote ni giza, si heri hiyo pesa tule nyama?

Mwaka juzi alishinda yeye akatupeleka kwanza Kakamega, bafu iko ndani ya chumba, Ivy akawa anaoga asubuhi, mchana na jioni kama bata, na tulipofika kwa mama akamwambia, "Kukhu, huko maji moto inanyesha kutoka juu, wewe unasimama tu!" Mama alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Hata mimi siku moja nitaenda ninyeshewe." Tukacheka wote, yakaisha.

Mwaka jana nikashinda mimi, tukalala lojingi moja karibu na soko la Bungoma, na Shangazi, nisisingizie watu, shuka zilikuwa safi, ila bafu ni moja kwa ghorofa nzima, iko mwisho wa korido, na maji unapewa kwa karai. Siku ya pili Wanyoike akasema anaenda Chwele kuangalia ng'ombe, nikampigia mama simu nikamwambia mkwe wako hayuko leo, kesho mimi na watoto tunakuja kukusalimia. Mimi nilisema KESHO. Sasa mvua ikanyesha, Wanyoike akarudi mapema na matope mpaka magotini, akaingia kuoga, na taulo yake nilikuwa nimeifua, iko kwa kamba, basi akachukua ya Ivy, ile ndogo yenye picha ya bata, na Wanyoike si mtu mwembamba, Shangazi, hiyo taulo ilianza kiunoni ikakata tamaa njiani. Anatoka bafuni hivi, na mama naye anamaliza ngazi na kikapu mkononi, ati mwenye lojingi alimwambia panda tu mama, chumba chao kiko karibu na bafu.

Kama angerudi bafuni akafunga mlango tungesema ni ajali. Lakini mume wangu alilelewa na watu wenye adabu, kwao mkubwa husalimiwa, akasema, "Mama, karibu sana!" na akampa mkono, na mkono wenyewe ndio ule uliokuwa umeshika taulo.

Uuuwi! Mama aliachilia kikapu, akashuka zile ngazi kama msichana, kuku akatoka kwenye kikapu akaanza kukimbia kwa korido, Tonny nyuma yake, na mimi nikabaki mlangoni na mkono mdomoni. Mama alishapanda boda boda akaenda. Kwa kikapu tulikuta pia leso mpya, dodoki, na sabuni ya kuoga bado iko kwa karatasi yake, tukajua ni zawadi, kuku tukamla na sabuni tukaitumia.

Tangu siku hiyo mama hashiki simu yangu. Kila kitu anakisema kupitia kwa shangazi yangu wa Kamukuywa, ati kwanza kondoo iletwe ya kuondoa hiyo aibu, ndipo mkwe akanyage boma lake tena. Na mwaka huu ni mwaka wa tohara, Kevin, mtoto wa kaka yangu, anaingia jandoni Agosti, watu wote watakuwa pale. Wanyoike anasema kondoo ataleta hata mbili, lakini lojingi hawezi kurudi, ameona mahali nje ya mji penye bafu ndani ya kila chumba, na nikikataa yeye na watoto wanaenda Nakuru kwa dada yake Nyaruai, mimi niende Bungoma peke yangu nikawaeleze watu wangu mume yuko wapi. Sasa mimi nimeokoka, halafu kondoo na hoteli kwa mwezi mmoja, kweli? Mimi nimewaza njia ya katikati, turudi lojingi ile ile, na tayari nimenunua taulo kubwa, kubwa sana, inamzunguka mara mbili na inafika chini. Je, hiyo haitoshi? Usiniambie nimuache mama, yeye ndiye mzazi niliyebaki naye, na nikisikia simu yake ikilia bila kushikwa nalia kama mtoto.

Wako Nasambu, Tuwan.

SHANGAZI DINAH ANAJIBU:

Nasambu mwanangu, pole, na mpe Wanyoike pole yangu pia. Nimecheka mpaka chai yangu ikapoa, na sitaomba msamaha. Halafu nikasoma barua yako tena, na mara ya pili sikucheka.

Tuanze na kondoo. Ipelekwe kabla hamjafunga mizigo, na aipeleke huyo shangazi yako wa Kamukuywa, maana yeye ndiye mdomo ambao mama anausikiliza. Usianze kuniambia mambo ya kuokoka. Mama yako pia ameokoka, na bado aliona alichokiona. Mume mwenyewe amekubali, wewe wa kulia bei ya kondoo umetoka wapi?

Sasa hoteli. Eti kitanda cha tajiri na cha maskini vyote ni giza! Haya, na korido je, nayo ni giza? Mtu kama wewe, aliyekulia katika mila hizo, anamlaza mkwe wa watu mahali ambapo ili aoge lazima apite mbele ya ulimwengu akiwa nusu uchi, halafu anauliza tatizo liko wapi. Wanyoike ana haki. Bafu iwe ndani, na mlango uwe na komeo.

Lakini hayo yote ni madogo. Nasambu, ile sabuni!

Ni nani amewahi kumpelekea mjukuu dodoki la kusugulia mgongo? Umeniambia mwenyewe kwamba Ivy alimsimulia maji yanayonyesha kutoka juu, na mama akasema siku moja atakwenda anyeshewe. Ninyi mlicheka mkasahau. Yeye hakusahau. Wewe ukampigia simu ukamwambia mkwe hayuko, naye akaona siku ndiyo hiyo, ya kesho atajua nani? Akanunua sabuni, akatoa leso ambayo haijavaliwa, akamkamata kuku ili asije mikono mitupu, akapanda ngazi zenu. Mama alikuja kuoga, mwanangu. Na hata kama Wanyoike angebaki Chwele mpaka usiku, ungempa nini? Karai!

Akarudi nyumbani na aibu mbili, na moja hawezi kuitaja kwa mtu yeyote. Ya mkwe ina kondoo wake. Ya mama mzima kutamani kuoga hotelini ataisemaje mbele ya wakwe na majirani? Ndiyo maana hashiki simu. Na ninyi sabuni yake mkaimaliza! Aibu kwako kidogo, halafu basi, tuendelee.

Fanya hivi. Kubali hoteli ya Wanyoike, na ukubali bila kununa. Sherehe ya Kevin ikiisha na watu wakipumzika, mtume Wanyoike na Tonny waende mbali, Chwele, Webuye, popote, na waapishe wasirudi mpaka uwapigie simu, hata mvua inyeshe ya mawe. Kisha tuma teksi imchukue mama. Usimwambie unajua. Nunua sabuni kama ile, iache kwenye karatasi yake, na umwachie Ivy amshike mkono amwonyeshe pa kufungulia maji. Mlango ukifungwa, kaa nje unyamaze. Usibishe hodi, usiulize kama amemaliza, usitaje bili. Aoge mpaka maji yapoe.

Na ile taulo kubwa usiirudishe dukani. Ni ya mama.